Afungaye Nyuma

Nawaandikieni habari ya siku moja niliyoipitisha juu ya maji katika nchi ya Uingereza. Habari yenyewe ni ndogo. Hapana aliyezama, wala aliyeumia. Lakini siku ile nalishikwa na swali ambalo sijaliacha hata leo, nalo ni hili: mtu ana wajibu gani kwa mwenzake asiyemwona, ambaye hatamwona kamwe, wala hatajua ni nani aliyemtendea mema au mabaya?

Kwanza sharti nieleze mahali penyewe. Katikati ya Uingereza mna mfereji uliochimbwa na watu, utokao mji wa Birmingham kwenda mji wa Worcester penye mto Severn, urefu wake yapata maili 30. Msidhani ni mfereji wa kunyweshea mashamba. Ni njia ya vyombo. Bunge liliruhusu kuchimbwa kwake mwaka 1791, na kazi ikaisha mwaka 1815. Maana yake mtoto aliyezaliwa mwaka wa ruhusa alikuwa kijana mwenye ndevu mashua ya kwanza ilipopita toka mwisho hata mwisho. Birmingham iko juu, Worcester iko chini, na maji, kama mjuavyo, hayakubali kulala juu ya mteremko. Kwa hiyo mfereji umekatwa vipande kama ngazi. Katika kila kipande maji yametulia sawasawa, na kati ya kipande na kipande pana loki. Vipande hivyo nitaviita malambo.

Loki ni chumba kisicho na dari, kuta zake za matofali na mawe, upana wake futi 7 tu, na urefu futi 72 au karibu. Upande wa juu na upande wa chini kina milango mizito yenye boriti ndefu za kuisukumia. Mashua ipandayo huingia kwa mlango wa chini, nao hufungwa nyuma yake. Kisha huinuliwa vizibo vya upande wa juu, maji ya lambo la juu huingia kwa kishindo, na mashua huinuka pole pole pamoja nayo, kama kipande cha mti ndani ya pipa. Maji yakisha kuwa sawa ndani na nje, mlango wa juu hufunguliwa, nayo mashua huenda zake. Ishukayo hufanya kinyume chake. Hapana mashine yo yote, ila maji na mbao na mgongo wa mtu.

Jambo moja katika kazi hiyo lilinipendeza sana. Mlango hushikwa na maji yenyewe. Maadamu maji ya upande mmoja yamezidi ya upande wa pili, hata kwa upana wa vidole vichache, wanaume wawili wenye nguvu wataisukuma boriti mpaka jasho liwatoke, wala haitasogea. Yakisha kuwa sawa, bibi kizee huisukuma kwa mgongo wake, nao mlango waenda bila kelele. Mimi ni mtu wa haraka, nikajaribu mara mbili kuushinda kabla ya wakati wake. Mzee aliyenikaribisha alinitazama tu, asiseme neno.

Mzee huyo alikuwa mwalimu, naye amekwisha kustaafu; yeye na mkewe wana mashua nyembamba ya chuma, ambayo ikiingia lokini hupati nafasi ya kupitisha ngumi ubavuni mwake. Tuliondoka saa moja ya asubuhi, mwezi wa Septemba, chini ya loki 6 za Stoke. Baada ya hizo zaanza loki 30 za Tardebigge, ambayo ndiyo ngazi ndefu kuliko zote katika Uingereza: kwa maili mbili na robo yapandisha mashua futi 220. Jumla loki 36, nasi tulitaka kuzimaliza kabla ya jua kushuka. Mama alishika kana, kwa sababu magoti yake hayampi raha. Mzee alitangulia kuandaa loki ya mbele. Nami nikapewa kazi ya kufunga nyuma. Yaani, mashua ikisha kutoka, husukuma mlango wa juu mpaka ufunge, nikashusha vizibo vyake kwa mpini wa chuma, kisha nikawafuata kwa miguu kando ya maji, katika njia iliyokanyagwa zamani na farasi wavutao mashua.

Mzee aliniambia, “Kazi hii twampa mgeni, kwa kuwa ni nyepesi.”

Mkewe akasema, “Ndiyo iliyo nzito, kwa kuwa hapana akuonaye.”

Nikacheka. Baada ya saa tatu sikucheka tena.

Tulipofika kama loki ya kumi ya Tardebigge, mzee alirudi kwetu amekunja uso. Lambo la mbele lilikuwa kavu. Nikapanda kutazama. Palikuwa na tope jeusi linalong'aa, gurudumu la baiskeli, chupa, na bata wawili wakitembea kwa miguu mahali walipozoea kuogelea, nao walionekana kama watu waliotiwa aibu. Ng'ambo ya tope lile, katika loki iliyofuata, palikuwa na mashua iliyokuwa ikishuka, na mwenyewe ameketi juu ya boriti. Alikuwa mtu wa makamo, akaaye peke yake katika chombo chake. Aliondoka juu alfajiri, akafika pale, akazuiliwa. Alikuwa na ahadi na daktari mjini Worcester kesho yake asubuhi, na mbele yake zilibaki loki nyingi, naye hana wa kumsaidia.

Mzee alinionyesha kilichotukia. Mtu aliyepanda jana jioni alifunga mlango wa juu, lakini kizibo kimoja alikiacha wazi. Milango ya chini ya loki ile ni mikongwe, yavuja michirizi. Basi usiku kucha maji ya lambo yalipita penye kizibo, yakaingia lokini, yakavuja nje, mpaka lambo likaisha. Loki moja hunywa zaidi ya lita 100,000, yaani madebe 5,000 na kuzidi. Hayo hayachotwi kwa ndoo. Tukashusha kizibo kile, kisha tukaanza kuomba maji kwa malambo ya juu, kila moja kidogo, tukiangalia lisije nalo likakauka. Kazi hiyo ilitula saa moja na nusu.

Wakati tulipokuwa tukingoja nalimwuliza yule msafiri kama amekasirika. Akajibu, “Ningekasirika, lakini sina wa kumkasirikia.”

Neno hili lilinikaa moyoni. Yuko mtu aliyemdhuru, naye si jini wala bahati mbaya; ana jina, na saa ile pengine alikuwa akinywa chai yake mahali fulani karibu na Birmingham, akiusifu uzuri wa asubuhi. Hajui alilolitenda, wala hatajua. Je, mtu huyu ana hatia?

Watu husema kusahau si kosa. Nalitaka kulikubali neno hilo, maana nami ni mtu wa kusahau. Lakini nikiwa nimeketi majanini nalijiuliza: twasahau nini, na nini hatusahau? Mtu yule hakuisahau mashua yake, wala kamba zake, wala chakula chake cha jioni. Kama kizibo kile kingalimzuia yeye, asingalikisahau hata dakika moja. Lakini loki ina umbo la ajabu: madhara hubaki nyuma ya aliyeyafanya. Yeye amekwisha kupanda, anaelea. Lambo hukauka baada yake, usiku, naye amelala. Sisemi kwamba ni mtu mwovu. Nasema kwamba alichokisahau si kizibo. Kizibo ni kipande tu, hakina haki juu yetu. Alimsahau mtu ajaye, kwa kuwa mtu ajaye hana uso, na sisi wanadamu kumbukumbu yetu hufuata nyuso.

Basi kwa nini nimfungie asiye na uso? Wengine watasema, kwa kuogopa kushikwa. Lakini penye loki 30 hapana askari wa kulinda vizibo. Chama cha hisani kinachoitunza mifereji hii tangu mwaka 2012 kina watu wa kujitolea wasaidiao penye loki, lakini hawawezi kuwapo kila mahali jua likichwa. Wengine watasema, kwa kubadilishana: mimi nakufungia leo ili nawe unifungie kesho. Hoja hii ni njema kwa watu wakaao mahali pamoja. Lakini mimi ni mgeni kutoka mbali, na yamkini sitapita tena Tardebigge maisha yangu yote. Kwa hesabu ya kubadilishana, mimi pekee nalikuwa huru kabisa kuacha vizibo vyote wazi. Nami nalijua yakini kwamba si huru. Nalitaka kujua kwa nini.

Nikayahesabu malambo tuliyoyapita tangu asubuhi. Yalikuwa yapata kumi na matano, na kila moja tulilikuta limejaa. Sikushangaa hata mara moja. Lambo moja kavu lilinifanya nilalamike kwa saa nzima, na yale kumi na matano hayakunitoa neno la asante. Walakini kila moja lilijaa kwa sababu mtu fulani, jana au juzi, amelowa na amechoka, wenzake wakimwita, aliuchukua mpini wake akashusha kizibo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na haja nacho tena. Kumbe sikuanza safari nikiwa mtu huru. Nalikuwa mdeni tangu loki ya kwanza, tena wanidaio wamekwisha kwenda, wala siwezi kuwafuata. Deni la namna hii halina njia ya kurudi kwa aliyekopesha. Likilipwa, hulipwa kwa yule ajaye nyuma, naye hakunikopesha kitu.

Hapa mtu mwenye akili aweza kunipinga. Atasema: wale hawakukufikiria wewe, walifuata desturi tu. Tena waliouchimba mfereji walichimba kwa mshahara, na wenye fedha walitaka faida ya makaa na chumvi. Hapana aliyewaza kwamba siku moja watu watapita hapo kwa mapumziko, wala kwamba mgeni kama wewe atasukuma boriti. Je, mtu aweza kuwa na deni kwa watu ambao hawakumkusudia wema wo wote?

Neno hili ni zito, wala sidai kwamba nimelimaliza. Nadhani yatupasa kutenga mambo mawili. Shukrani yataka kusudi: namshukuru aliyenitaka mema. Lakini wajibu hautaki kusudi la aliyetangulia. Watosha huo ukweli kwamba nimepokea kitu ambacho bado chaweza kumfaa mwingine, nami nimekishika mkononi. Mtu akirithi shamba lenye miembe iliyopandwa na babu asiyemjua, labda babu yule aliipanda apate kivuli tu cha kukalia. Mrithi akiikata yote kwa kuni za mwaka mmoja, sote twaona amekosa, wala hatumwulizi babu alikusudia nini.

Mfereji huu una kisa cha watu waliolipima jambo la maji kwa njia nyingine, nami nakisimulia kwa kuwa chanichekesha na kunihuzunisha pamoja. Wenye mfereji wa kwanza wa Birmingham waliogopa kwamba mfereji mpya utawanywea maji yao. Wakapata sharti katika sheria kwamba maji ya mifereji hiyo miwili yasiguswe pamoja; pabaki ukuta wa futi 7 kati yake. Sehemu ya kwanza ya mfereji mpya ilifunguliwa mwaka 1795, na tangu hapo, bidhaa ifikapo ukutani, watu waliipakua kwa mikono, wakaivusha juu ya ukuta, wakaipakia tena katika mashua ya upande wa pili. Mashua mbili zaonana, omo kwa omo, na kati yake watu wapita na mizigo mabegani. Hivyo kwa miaka 20, kwa ajili ya futi 7. Mwaka 1815 tu ndipo walipokubali kuweka loki mahali pale, vyombo vikapita. Ukuta wenyewe waonekana hata leo katikati ya mji.

Siwalaumu sana. Maji yalikuwa mali yao, na mwenye kuamini ovyo hukaukiwa. Lakini nawafikiria wale wachukuzi. Yamkini katika daftari zao wenye mfereji waliandika kila galoni iliyookolewa. Migongo iliyoumia sidhani kama ilikuwa na ukurasa wake. Kutoaminiana kuna gharama, na mara nyingi huilipa mtu asiyekuwapo walipoafikiana.

Basi lambo likapata maji ya kutosha, mashua ya yule msafiri ikashuka, tukapishana. Akainua mkono, akaenda. Kama alimwona daktari wake, sikupata kujua.

Loki zilizosalia tulizipanda vizuri. Kando ya sehemu ya juu ya ngazi lipo bwawa kubwa, ambalo zamani maji yake yalisukumwa juu kwa mashine ya mvuke, ili lambo la kileleni lisipungue. Nyumba ya mashine ingalipo. Loki ya mwisho, ya 58 kwa hesabu ya mfereji mzima, ni yenye kina kuliko wenzake. Mahali pake mwaka 1808 palijaribiwa chombo cha kuinua mashua nzima ndani ya sanduku la maji ili kuokoa maji. Lakini waliogopa hakitastahimili kazi ya kila siku, wakajenga loki. Tukafunga kamba juu ya hapo saa kumi na moja na nusu, mvua imeanza. Mwandishi Rolt, ambaye kitabu chake cha mwaka 1944 kiliwafanya Waingereza waikumbuke mifereji yao iliyokuwa ikifa, alikaa Tardebigge katika mashua yake miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Na mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuitetea. Miaka mitano baadaye aligombana na wenzake, akatolewa katika chama alichokianzisha. Mfereji haukujali ugomvi wao, tuliupita.

Mama alikuwa ametia birika motoni. Nikavua viatu. Ndipo nikakumbuka loki ya 45.

Au, kwa kusema kweli, ndipo nilipoona kwamba siikumbuki. Nalikumbuka kufunga mlango wake. Kisha Mama aliniita kwa mkono, nimtazame korongo wa kijivu aliyesimama penye majani, mguu mmoja juu, nikakimbilia. Vizibo sikuvikumbuka hata kidogo. Na hayo yalitukia baada ya mawazo yangu mema yote niliyowaeleza, hata saa chache hazijapita.

Nikawaambia. Mzee akasema, “Ulivishusha. Mkono uliozoea hufanya kazi bila kichwa kujua.” Yawezekana, maana kwa siku ile nalivishusha mara thelathini na kitu. Akaongeza, “Tena wako watu wapitao na mbwa wao jioni, mmoja ataona.” Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikalitafakari nikiwa na kiatu kimoja mkononi, nikaona kwamba ni kweli mbaya sana, kwa maana yule wa jana angaliweza kujiambia neno lilo hilo. Kila mtu akitegemea mpitaji, nani atakuwa mpitaji? Lakini siwafichi, wapenzi wasomaji: sikuinuka kwa sababu ya hoja. Naliwaza yule mtu juu ya boriti. Yeye alikuwa na uso.

Nikatwaa mpini na koti la mvua la mzee, nikashuka. Ni maili moja na zaidi kidogo. Njiani nalikutana na mwanamke mmoja na mbwa wake, akipanda. Akanisalimu, nikamwitikia, tukapitana. Giza lilikuwa likiingia nilipofika penye namba 45. Nikapapasa kwa mikono, kwa kuwa sikuyaamini macho. Vizibo vyote viwili vilikuwa vimeshuka mpaka mwisho. Lambo lilijaa pomoni, maji ya ziada yakinong'ona penye mlizamu wake.

Nani alivishusha? Labda mimi, kwa mkono uliozoea. Labda mwenye mashua iliyopita baada yetu. Labda yule mwanamke. Wakaao karibu na mfereji wanajua kizibo kilichosahauliwa huonekanaje, na wengine wana mpini wao nyumbani. Nalitaka kurudi mbio nimwulize, kisha nikaona haya. Kama ni yeye, nitamwambia nini? Na kama si yeye, atanidhania nini?

Nikarudi juu. Penye kila loki nalisimama nikapapasa vizibo vyake, ingawa hizo nalizikumbuka vema, zote 12, mpaka ya mwisho kabla ya kileleni. Mvua haikukoma. Nilipofika, chai ilikuwa imepoa. Mama hakuniuliza nimekuta nini, akairudisha birika motoni.